Barua ya wazi: Tiketi zinaishaje kabla mtu hajaweka namba ya siri?

Kisumu

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali
Mheshimiwa Mwenyekiti na wanakamati, Kamati ya Bunge la Taifa kuhusu Mawasiliano, Habari na Ubunifu
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya

Waheshimiwa,

KUH: SHERIA DHIDI YA PROGRAMU ZINAZOZOA TIKETI

Kwa heshima na taadhima tunawaandikia hadharani, kwa kuwa njia ya faragha imegonga mwamba. Ofisi ya kwanza tuliyoiandikia ilijibu kwamba jambo hili ni la ofisi ya pili. Ya pili ikaturudisha kwa ya kwanza. Hatuzitaji kwa majina, maana tunamtafuta wa kushika jembe, si wa kulaumiwa.

Sisi tunaoandika tunaijua kazi hii kwa mikono. Kuna waandishi wa programu miongoni mwetu, kuna wanaounganisha mifumo ya tiketi na malipo ya simu, na kuna wanaosimama getini na skana. Tunacholalamikia ni programu zinazonunua tiketi zenyewe, kwa kasi isiyowezwa na kidole cha mtu, kisha tiketi zile zile zinarudi sokoni kwa bei maradufu. Wenyewe huziita boti. Kisumu ukisema boti watu wanageuka kutazama ziwani, kwa hiyo humu tutaziita kwa jina la kazi zake: programu za ulanguzi.

Mbona sasa? Kwa sababu AFCON 2027 iko njiani, na Kenya, Uganda na Tanzania ndizo wenyeji. Agosti 2025, wakati wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) liliamuru mechi ya Harambee Stars na Zambia pale Kasarani iingiwe na watu 27,000 tu, wenye tiketi za kielektroniki pekee, baada ya vurugu za watu kupenya bila tiketi. Hatusemi programu za ulanguzi ndizo zilizoleta vurugu zile. Tunasema hivi: uwanja ukishawekewa idadi, na tiketi ya karatasi ikakataliwa, mlango wa kuuzia unabaki mmoja, nao ni seva, yaani kompyuta inayopokea maombi ya wanunuzi. Anayeishika seva dakika kumi za kwanza ameushika uwanja.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Tiketi huzolewa mlangoni, na hakuna kufuli linalokatwa

Wengi hudhani mlanguzi anavunja mfumo kama mwizi wa dukani. La. Anapita mlango ule ule wa wote, ila anaupita mara elfu.

Huanza siku kadhaa kabla ya mauzo. Ukinunua kikoa chako cha intaneti, yaani jina lako mwenyewe la tovuti na barua pepe, unaweza kupanga barua zote zinazotumwa kwa jina lolote kwenye kikoa hicho ziingie sanduku moja. Kwa hiyo mtu mmoja anafungua akaunti 300 za wanunuzi jioni moja, kila moja na anwani yake ya barua pepe, na zote anazisoma mahali pamoja. Laini za simu nazo hukusanywa: za ndugu, za rafiki, na zile ambazo mtu alisajiliwa mtaani na wakala bila kujua kwamba kitambulisho chake kimebeba laini tatu badala ya moja.

Kisha huja uchunguzi wa ukurasa. Ule ukurasa mzuri wenye picha ya msanii ni pazia tu. Nyuma yake kivinjari na seva vinatumiana maombi mafupi: nipe orodha ya tiketi, nishikie nne, nataka kulipa. Yeyote anayefungua zana za watengenezaji kwenye kivinjari chake huyaona yote. Programu huandikwa ili itume maombi hayo moja kwa moja, bila kupakia picha na bila kubonyeza chochote. Kuna hata kosa tunalolikuta mara kwa mara tukiitwa kukagua mifumo: kitufe cha "Nunua" kimefichwa hadi saa nne asubuhi, lakini ni kwenye ukurasa tu kilipofichwa. Seva yenyewe inakubali ombi tangu jana yake. Hapo tiketi zinauzwa kabla hazijaanza kuuzwa.

Wauzaji wengi hujikinga kwa kuhesabu anwani za IP, zile namba zinazoonyesha ombi limetoka wapi kwenye intaneti. Kwa nchi yetu kinga hiyo ni mbovu, nasi tunaomba isiandikwe kwenye sheria yoyote. Mitandao ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Machoni pa seva, hosteli nzima ya Maseno inaweza kuonekana kama mtu mmoja mwenye pupa. Ukisema "anwani moja, maombi matano kwa dakika", umewafungia wanafunzi nje, ilhali mlanguzi aliyekodi anwani 500 za majumbani hajasikia hata mwasho. Ule mtihani wa kuchagua picha zenye taa za barabarani nao hausaidii sana. Zipo huduma zinazolipa watu kuutatua kwa niaba ya programu. Jibu la reCAPTCHA, mtihani wa aina hiyo wa Google, hudumu dakika mbili, kwa hiyo majibu huanza kukusanywa dakika moja na nusu kabla ya mauzo, yakingoja kama mawe kwenye kombeo.

Sasa tufike kwenye kiini, na hapa ndipo mambo yetu yanapoachana na ya Marekani. Kule programu hujaza namba za kadi za benki na kumaliza ununuzi bila mtu kugusa kitu. Kwetu wengi hulipa kwa simu: ombi la malipo linasukumwa kwenye simu, linatokea kwenye kioo, na lazima mtu aweke namba yake ya siri. Wauzaji wamejifariji kwamba programu haiwezi kuweka namba ya siri, basi tuko salama.

Wamejidanganya. Programu haihitaji kulipa. Inahitaji kushika. Mifumo mingi ikipokea ombi la "nishikie nne", huzitoa tiketi hizo sokoni kwa muda, kwa kawaida kama dakika kumi, ili mnunuzi apate nafasi ya kulipa. Programu ikizishika zote katika sekunde mbili za kwanza, dakika kumi zinazobaki ni za watu waliokaa mezani na simu. Pigeni hesabu. Mtu akichukua sekunde 20 kuweka namba ya siri na kungoja risiti, simu moja inamaliza malipo 30 katika dakika kumi. Kila malipo ni ya tiketi 4, hizo ni tiketi 120. Simu kumi, tiketi 1,200. Ukumbi wa watu 1,500 umebaki na viti 300, na hakuna aliyekimbia wala kutoa jasho.

Mtauliza, si kuna kikomo cha tiketi 4 kwa mtu? Kipo, ila kimefungwa kwenye akaunti, si kwenye laini inayolipa. Simu ile moja imelipia akaunti 30 tofauti na mfumo haukushtuka. Linalotukera ni kwamba taarifa ya kuuzuia mchezo huu tayari iko mikononi mwa muuzaji. Malipo ya kusukumwa yakikamilika, jibu linalorudi kwenye seva hubeba kiasi kilicholipwa, namba ya risiti, wakati, na namba ya simu iliyolipa. Kuhesabu ni mara ngapi namba hiyo imelipia tamasha moja ni mistari michache ya msimbo. Kazi ya mchana mmoja, na chai ndani yake.

Viti visivyolipiwa navyo haviachiliwi. Ukifungua kumbukumbu za seva unaona mchoro ule ule: saa nne kamili kiti kimeshikwa na akaunti ya kwanza, saa nne na dakika kumi kamili kimeachwa, na kabla hata sekunde haijaisha kimeshikwa tena na akaunti ya pili. Kiti kinapokezanwa hivyo mchana kutwa huku mlanguzi akitafuta mteja kwanza, kisha ndipo analipa. Yaani anauza asichonunua.

Na mnunuzi wa kawaida? Anaona "zimeisha". Dakika kumi baadaye anaona nne zimerudi, anabonyeza, zimeenda. Akibahatika kushika, ombi la malipo linachelewa kufika kwenye simu yake kwa sababu mfumo umejaa. Anaweka namba ya siri, pesa zinakatwa, lakini jibu la malipo linafika kwenye seva wakati muda wa kushikiliwa umekwisha na kiti kimepewa mwingine. Pesa zimetoka, tiketi hana, na marejesho ni ya kubembelezea wiki nzima.

2. Sheria iliyopo inapita pembeni mwa kosa

Tutaambiwa ipo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Ipo, na tumeisoma. Kifungu cha 14 kinamhusu anayeingia kwenye mfumo bila idhini kwa kukiuka hatua za usalama: faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 16, cha kuingilia mfumo, kinafika milioni 10 na miaka 5. Adhabu si haba. Shida ni maneno "bila idhini" na "hatua za usalama". Ukurasa wa tiketi uko wazi kwa dunia nzima. Akaunti imefunguliwa kwa fomu ya muuzaji mwenyewe, na pesa iliyolipwa ni pesa halali. Kilichovunjwa ni sentensi moja kwenye masharti ya mauzo, "mwisho tiketi 4 kwa mtu", na wakili wa utetezi atasimama aulize: sentensi imekuwa hatua ya usalama tangu lini?

Marekani walijikwaa papo hapo. Mwaka 2010 waendesha mashtaka wa New Jersey waliwafungulia kesi wenye kampuni ya Wiseguy Tickets, iliyokuwa imezoa tiketi zaidi ya milioni moja, wakalazimika kuegemea sheria za ulaghai na udukuzi ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya tiketi. Kesi ikaisha, mchezo haukuisha. Desemba 8, 2014, mlanguzi mmoja alizoa tiketi 1,012 za tamasha la U2 pale Madison Square Garden ndani ya dakika moja, ilhali kikomo kilichotangazwa kilikuwa tiketi 4. Hayo yamo katika ripoti ya Mwanasheria Mkuu wa New York ya mwaka 2016. Desemba mwaka huo huo Rais Barack Obama akatia saini sheria iitwayo BOTS Act.

Tunaitaja si kwa sababu ya Kimarekani ndiyo bora, bali kwa sababu ya jinsi ilivyoandikwa. Haiulizi kama mfumo ulivunjwa. Inakataza kukwepa kizuizi chochote cha kiteknolojia kilichowekwa kulinda kikomo cha tiketi kilichotangazwa, au kulinda utaratibu wa foleni uliotangazwa. Inakataza pia kuuza tiketi zilizopatikana hivyo ikiwa muuzaji alihusika, alijua au alipaswa kujua. Inahusu maeneo yanayochukua zaidi ya watu 200, kwa hiyo harambee ya kanisa haiguswi. Na inawaacha huru wanaojaribu mifumo kwa nia ya kutafuta udhaifu wake, jambo ambalo kwetu sisi waandishi wa programu si dogo: kifungu cha 18 cha sheria yetu kuhusu zana haramu kinafika shilingi milioni 20 na miaka 10, na hakuna anayetaka kumweleza afisa wa polisi kwamba programu iliyo kwenye tarakilishi yake ni ya majaribio.

Lakini tusiinakili na kulala. Kesi za kwanza chini ya sheria hiyo zilifunguliwa Januari 2021, miaka minne baadaye, dhidi ya walanguzi wa eneo la New York. Kiasi walichotakiwa kulipa kilizidi dola milioni 31, kikashushwa hadi milioni 3.7 kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kulipa. Sheria bila ofisi yenye jukumu ni kibao cha "usikojoe hapa" kwenye ukuta uliolowa.

Uingereza nayo ilitunga kanuni zilizoanza kutumika Julai 5, 2018, zinazolifanya kuwa kosa la jinai kutumia programu kununua tiketi kupita kikomo kwa nia ya kujipatia faida. Hata hivyo, walanguzi wawili waliofungwa na mahakama ya Leeds mwaka 2020, mmoja miaka 4 na mwingine miaka 2 na nusu, walipatikana na hatia ya ulaghai, kwa kudanganya kuhusu utambulisho wao na kuuza tena kinyume cha masharti. Somo tunalolichukua hapo ni dogo lakini lina manufaa: mara nyingi majina na laini za bandia huthibitishwa mahakamani kwa urahisi kuliko programu yenyewe. Kifungu chetu cha 29 kuhusu wizi wa utambulisho kinaweza kumnasa aliyetumia laini ya mtu bila ruhusa. Hakimnasi aliyepewa laini kwa hiari kwa shilingi 200.

3. Madhara yanamwagika getini

Tiketi ya mlanguzi ni picha ya msimbo wa QR iliyotumwa kwa WhatsApp, na picha hainyimi mtu kuituma tena. Msimbo mmoja huuziwa watu watano. Anayefika kwanza anaingia, wanne wanabaki wakigombana na kijana mwenye skana ambaye hakuwauzia chochote. Mtandao ukikatika, na hukatika watu elfu ishirini wakikusanyika mahali pamoja, skana zisizowasiliana zinakubali msimbo mmoja kwenye mageti mawili. Ndipo ndani wanazidi idadi wakati nje bado wamesimama wenye tiketi halali.

4. Waandaaji nao wana mkono

Tusingekuwa wakweli tukiishia kwa programu. Ripoti ile ya New York ilionyesha kwamba kwa matamasha yaliyotafutwa sana, ni asilimia 46 tu ya tiketi kwa wastani zilizofika mauzo ya umma. Nyingine zilikwenda kwa wadhamini, kwa watu wa ndani ya biashara yenyewe, na kwa mauzo ya mapema ya wenye kadi fulani. Hapa kwetu hakuna anayelazimika kutaja idadi hiyo, kwa hiyo tiketi 600 zikiuzwa na tangazo likasema ukumbi ni wa 2,000, kila mtu analaumu boti. Kuna waandaaji wanaoipenda habari ya "zimeisha kwa dakika tatu" kuliko wanavyomchukia mlanguzi.

Waheshimiwa, tunajua tutakayojibiwa, kwa hiyo tuyaseme wenyewe.

"Ni soko huria." Mwandaaji akitaka tiketi ya shilingi 1,000 iwe 3,000, aandike 3,000, msanii, fundi wa sauti na mwenye ukumbi watagawana. Mlanguzi hajaleta hata kiti cha plastiki. Wala hatumzungumzii dada aliyebadilishiwa zamu hospitalini akamuuzia jirani tiketi yake pale Kondele. Huyo asiguswe kabisa, na sheria iseme hivyo waziwazi.

"Ni tatizo la Wazungu wenye viwanja vya watu elfu themanini." Kinyume chake. Hesabu yetu ya simu kumi haimalizi uwanja mkubwa, bali inamaliza ukumbi wa Kisumu, na anayeifanya hahitaji mtaji wa kutisha.

"Tudai kitambulisho kwa kila anayeingia, basi." Hili linasemwa na watu wasiowahi kusimama getini. Watu 20,000, mageti kumi, ni watu 2,000 kwa kila geti. Ongeza sekunde kumi za kulinganisha jina na kadi kwa kila mmoja: ni sekunde 20,000, zaidi ya saa tano na nusu za ziada. Mechi itaisha watu wakiwa nje wanasukuma lango. Kitambulisho kiulizwe pale tu skana inapoonyesha kwamba tiketi ilihamishwa au kwamba laini iliyolipa ina alama ya kutiliwa shaka.

"Msimbo unaobadilika kila baada ya sekunde chache utamaliza yote." Unasaidia kwa wenye simu janja. Mwenye kabambe, simu ya kawaida ya vitufe, atapewa nini? Kwake tiketi iwe ujumbe mfupi wenye tarakimu, na getini namba iliyonunua ipigwe. Simu ikilia mkononi mwake, apite. Ni njia ya kizamani, na walanguzi hawaipendi, kwa sababu mwenye laini 40 hawezi kuwakopesha watu 40 laini zake jioni ile ile.

"Kampuni changa zitakufa kwa gharama." Ujumbe mfupi wa jumla wa kuthibitisha namba haufiki shilingi mbili. Chumba cha kungojea kinachowachanganya waliofika kabla ya saa ya mauzo na kuwapa nafasi kwa bahati nasibu kinaandikwa na vijana wawili kwa wiki mbili. Na hicho ndicho kinachoua faida ya kasi: ukifika saa nne kasoro dakika ishirini au saa nne kasoro sekunde moja, nafasi yako ni sawa na ya mwenzako. Sharti moja tu, namba iwe imethibitishwa angalau saa 24 kabla, la sivyo mlanguzi anajaza chumba kwa akaunti zake 300 dakika ya mwisho.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo.

(a) Kosa litajwe kwa jina lake. Bunge liongeze kifungu kinachokataza kukwepa kikomo cha ununuzi au utaratibu wa foleni uliotangazwa, kwa programu au kwa akaunti na laini za watu wengine, kwa nia ya kuuza tena kwa faida. Kushikilia tiketi bila kulipa kwa njia hiyo kuhesabiwe kuwa kosa kamili. Ukiandikwa "kununua" peke yake, mchezo wetu wa hapa utapita katikati ya vidole.

(b) Kuuza tiketi zilizopatikana hivyo kuwe kosa kwa anayejua au anayepaswa kujua, pamoja na mwenye jukwaa la kuuzia. Faini ihesabiwe kwa thamani ya tiketi zote zilizozolewa, si kiasi kimoja ambacho mlanguzi atakijumlisha kwenye gharama zake.

(c) Muuzaji wa tiketi za tukio la zaidi ya watu 500 awe na wajibu wa chini kabisa: kikomo kifungwe kwenye namba inayolipa, muda wa kushikilia usizidi dakika tatu, na namba ile ile isiruhusiwe kushika tena baada ya kuacha mara mbili, seva ikatae ombi lolote la kabla ya saa ya mauzo, malipo yakichelewa kufika, pesa zirudi zenyewe ndani ya saa 24 bila mteja kupiga simu hata moja.

(d) Kumbukumbu za seva zihifadhiwe siku 90 baada ya tukio: wakati wa kila ombi, akaunti, namba iliyolipa, muda uliopita kati ya kushika na kulipa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haizuii hilo, mradi lengo litajwe na muda uwekewe mwisho. Bila kumbukumbu hizo mpelelezi hana pa kuanzia.

(e) Kabla ya mauzo kuanza, mwandaaji atangaze ni tiketi ngapi zinauzwa kwa umma.

(f) Bei ya kuuza tena isizidi bei ya awali kwa zaidi ya asilimia 10. Jimbo la New South Wales, Australia, linafanya hivyo tangu Juni 1, 2018. Tiketi zilizogunduliwa kuwa za ulanguzi zifutwe angalau saa 48 kabla ya tukio na zigawanywe kwa kura kwa walioachwa kwenye foleni.

(g) Itajwe ofisi moja. Sisi tunapendekeza Mamlaka ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya 2010 tayari inaikabidhi maslahi ya watumiaji. Mkiona ifaayo ni nyingine, sawa, mradi iwe moja, na siku ya malalamiko tujue ni mlango gani wa kubisha.

(h) Wanaojaribu mifumo kwa nia njema, kwa ruhusa ya mwenye mfumo, walindwe kwa maandishi.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 21. Likikosekana, barua hii tutaigeuza kuwa ombi rasmi kwa Bunge chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba.

Na kama kuna mwanakamati anayedhani tumetia chumvi, tuko tayari kuja. Tutabeba seva ya majaribio yenye tiketi 1,000 za tamasha lisilokuwepo, tuwape wanakamati simu zao wenyewe wajaribu kununua, na upande wa pili wa meza tuiwashe programu. Kisha tutaiwasha mara ya pili, tukiwa tumefunga kikomo kwenye namba inayolipa na kufungua chumba cha kungojea, mjionee tofauti. Tutahitaji soketi mbili za umeme, intaneti ya kawaida, na saa moja ya muda wenu.

Wenu katika kazi,

Waandishi wa programu, waendeshaji wa mifumo ya malipo na wakaguzi wa tiketi
Kisumu, Kakamega na Nakuru